Namba Anayoijua Mama

Machi 3, Jumatatu

Nimefika juzi. Chumba kiko ghorofa ya tatu: kitanda, meza iliyowekewa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, na dirisha linalotazama bati la karakana ya jirani. Mvua ikipiga bati lile huwezi kuongea na simu mpaka uingie bafuni na kufunga mlango.

Daftari hili nililinunua la kuandikia hitilafu za mashine. Nitakuwa hapa miezi minne, kwenye kiwanda kinachochapa vitabu vya shule, mpaka mashine yao mpya ikae sawa na mafundi wao waizoee. Kwa kuwa mashine bado haijaharibika, naandika mengine.

Kila mtu kaniambia ninunue laini ya hapa. Nimenunua, ya kazi. Ile ya nyumbani nayo nimeiacha hai kwenye simu hiyo hiyo, na nimejiunga na kifurushi cha wasafiri. "Popote uendapo, namba yako ni ileile." Kwenye tangazo kuna mwanamume mwenye begi, anacheka. Sijui anachekea nini. Mimi nimepoteza nusu siku nikibonyeza moja, bonyeza nne, bonyeza nyota kurudi ulikotoka.

Nahangaika hivi kwa ajili ya mama. Mama alikuwa mpokea simu kwenye ofisi kubwa, miaka ishirini na sita mbele ya ubao wa kuunganishia simu. Sasa kumbukumbu inamtoka. Majina yanamtoka, sura zinamtoka, na mchana anaweza kuuliza kama amekunywa chai. Namba hazimtoki. Ana simu yake ndogo ya vitufe, na kila asubuhi saa mbili kamili, saa aliyokuwa akiingia kazini, anabonyeza namba yangu kwa kichwa bila hata kutazama. Nikipokea anasema, "Habari za asubuhi. Upo?" Nasema, "Nipo, mama." Anasema, "Haya," anakata, siku yake inaanza. Anaishi na mama mdogo, yaani mdogo wake wa kuzaliwa naye, tangu nianze safari hizi za kazi.

Machi 5, Jumatano

Saa mbili kamili. "Upo?" "Nipo." Mvua.

Machi 7, Ijumaa

Jioni nimembipu kaka. Mlio mmoja, nikakata.

Huu ni mwaka wa nne hatuongei, na kila Ijumaa nambipu. Kubipu kuna sheria yake, hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua: aliyebipiwa ndiye anayepiga. Mimi upande wangu nimeutimiza. Yeye hajapiga hata mara moja. Sasa mwenye kiburi ni nani?

Machi 12, Jumatano

Mvua imeharibu karatasi. Mabunda yalikaa karibu na mlango wa bohari, yamevuta unyevu, kingo zimekuwa na mawimbi. Karatasi ya namna hiyo ukiilisha mashine, inatoka nyekundu huku na bluu kule, rangi hazikutani. Msimamizi kaniuliza kama mashine yangu ni mbovu. Nimemwambia mashine si yangu, na mbovu ni bohari. Hatukuagana vizuri.

Machi 14, Ijumaa

Nimebipu. Kimya.

Machi 16, Jumapili

Imenyesha kutwa. Nimefua, nimeanika ndani, chumba kinanuka sabuni na unyevu. Nikaanza kufikiria mambo nisiyopenda kuyafikiria.

Miaka minne iliyopita kaka alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Mama anaumwa. Nimemkuta anamenya viazi vya kulisha watu kumi, yuko peke yake, na sufuria imeungua hadi tako. Tumpeleke kwa daktari." Mimi nikaja juu. Nikamwambia anamwita mama mwendawazimu hadharani. Nikamwambia mama si mgonjwa, mama amesahauliwa, na aliyemsahau ni yeye.

Hilo la mwisho nililisema kwa makusudi, maana nilijua litamwingia wapi. Kaka alikuwa amehama kampuni ya simu, akafuata ofa, akabadilisha namba. Mama akawa anapiga ile ya zamani, anaambiwa haipatikani. Alipiga wiki nzima, kisha akaacha. Tangu hapo, kaka akiingia mlangoni, mama humwita "bwana" na kumuuliza anataka kuunganishwa na nani. Nilimwambia kaka, "Umejifuta mwenyewe kwa ajili ya dakika za bure. Usikanyage tena hapa." Akachukua kofia yake akaondoka.

Nilishinda ule ugomvi. Sikumbuki kama nilifurahi.

Machi 21, Ijumaa

Nimebipu. Kimya. Kiatu cha kushoto kinavuja.

Machi 25, Jumanne

Leo laini ya nyumbani imekamata mtandao saa mbili na dakika sita. Dakika sita! Mama alipiga mara tano. Nilipopokea alikuwa na ile sauti yake ya kazini, kali: "Mbona hamshiki simu huko?" Nimeomba radhi kama karani mpya. Nilipowapigia kampuni ya simu nimesikiliza muziki mpaka chai ikapoa, kisha sauti ikasema wahudumu wote wana shughuli. Na mimi je, nacheza?

Machi 28, Ijumaa

Nimebipu. Kimya.

Aprili 2, Jumatano

Kuna mzee hapa kiwandani anachanganya wino, wote wanamwita Mzee Wino. Mikono yake ina rangi mpaka kwenye viwiko, na anakula machungwa bila kunawa. Alinisikia asubuhi nikisema "nipo, mama", akauliza. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo kazi yako ya kwanza kila siku ni kuwepo." Nikamwambia ndiyo, na ya pili ni kugombana na bohari yenu. Akacheka akanipa chungwa lenye alama ya kidole cha bluu.

Aprili 4, Ijumaa

Nimebipu. Kimya. Nimeanza kudhani hata simu yenyewe hana.

Aprili 8, Jumanne

Kampuni ya simu inanitumia ujumbe kumi na nne kwa siku. Jishindie pikipiki. Pakua wimbo. Mpendwa mteja, leo nyota yako inasema. Mpendwa mteja hasomi. Mpendwa mteja amefuta zote kwa mkupuo, na kesho atafuta tena.

Aprili 11, Ijumaa

Tumechapa karatasi elfu mbili za kitabu cha sayansi, na kila mtoto kwenye picha ana pua mbili. Kosa ni langu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikitafuta mtandao ili nione kama mama alipiga tena, na rangi zikahama sijaziona. Msimamizi alishika karatasi moja juu, akaizungusha taratibu, watu wote wakaona. Hakusema kitu. Afadhali angetukana.

Jioni nimebipu. Kimya.

Aprili 18, Ijumaa

Nimebipu. Kimya. Mvua siku ya tisa mfululizo.

Aprili 25, Ijumaa

Kama kawaida.

Aprili 29, Jumanne

Saa mbili simu haikuita. Saa mbili na robo nikaizima na kuiwasha. Nikatoa laini, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Pale juu palipokuwa na jina la mtandao wa nyumbani pameandikwa "Hakuna huduma". Nilikwenda mlangoni, nikapanda mpaka paa la kiwanda kwenye mvua, nikainua mkono. Hakuna huduma.

Nikatumia laini ya hapa kuwapigia. Muziki. Bonyeza moja. Muziki. Baada ya dakika arobaini nimempata dada mmoja mwenye sauti tamu.

"Dada, laini yako imekaa nje ya nchi siku sitini mfululizo. Kifurushi ulichojiunga ni cha wasafiri."

"Na mimi ni msafiri."

"Msafiri hurudi, dada."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikutumia ujumbe mara tano. Unaonekana umeingia."

Umeingia, ndiyo. Umeingia katikati ya pikipiki na nyota, na mimi nikaufuta. Niliumia, lakini nikauliza nifanye nini ili ifunguliwe.

"Ni rahisi tu. Mwenye laini afike katika duka letu lolote na kitambulisho chake."

"Mwenye laini ndiye mimi, na niko nje ya nchi. Ningekuwa na uwezo wa kufika dukani kwenu, ningekuwa na shida gani?"

Nikasikia anabonyezabonyeza. "Samahani," akasema, "hii laini imesajiliwa kwa jina la mwanamume."

Nikakaa juu ya bunda la karatasi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ilipotoka amri kwamba kila laini isajiliwe, kitambulisho changu kilikuwa kimepotea, na kila nikienda kufuatilia kipya naambiwa njoo kesho. Siku ya mwisho kaka akatoa chake. Akasema, "Weka jina langu, tutabadilisha baadaye." Hiyo baadaye ina miaka kumi na moja sasa. Namba anayoijua mama, kwa karatasi, si yangu. Ni ya kaka.

"Na asipokuja?" nikauliza.

"Laini ikifungwa siku thelathini, namba inarudi sokoni, anapewa mteja mwingine."

Hesabu si ngumu. Mwisho wa Mei saa mbili kamili mama atabonyeza namba yangu, na mtu nisiyemjua atapokea. Mama atamuuliza, "Upo?" Na yule mtu atasema nini?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa langu siku ya sitini, na sijui kulima.

Aprili 30, Jumatano

Mama mdogo kanipigia kwenye laini ya hapa. Ana simu yake mwenyewe, tukadhani tumepata dawa. Akamwekea mama sikioni. Nikasema, "Mama, ni mimi, nipo."

Mama akasikiliza, kisha akasema kwa upole, "Sauti naifahamu. Lakini unapiga kutoka namba ya nani?"

"Ni namba yangu mpya, mama."

"Binti yangu ana namba yake," akasema. "Ninaijua." Akaitaja yote, tarakimu baada ya tarakimu, bila kukosea. Kisha akamrudishia mama mdogo simu.

Nililia bafuni. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikusumbua mtu.

Mei 2, Ijumaa

Mama mdogo amemfundisha mama namba ya laini ya hapa. Dakika mbili tu ameishika. Saa mbili kamili akaipiga. "Habari za asubuhi. Hapo ni wapi?" Nikasema ni mimi, nipo. Akasema, "Asante, nimekosea namba." Akakata.

Namba anaweza kujifunza hata mia. Mtu wa kumweka ndani ya namba ndiye hapatikani tena.

Leo sikubipu. Ningeweza kutumia laini ya hapa. Sikutaka.

Mei 5, Jumatatu

Saa nne asubuhi mama mdogo alipiga. Mama hayupo. Saa mbili alibonyeza namba yangu akaambiwa haipatikani, akabonyeza tena na tena, kisha akaingia chumbani akavaa sketi yake ya kazini, ile ya kijivu, na viatu vya kufunga. Mama mdogo alikuwa nyuma anaanika nguo. Alipoingia ndani, mlango ulikuwa wazi na simu iko mezani.

Mchana kutwa nilisimama kando ya mashine inayotema karatasi, nikishika simu isiyoweza kunisaidia. Mama hana kitambulisho mkononi, hajui mtaa anaoishi, anajua namba tu. Na namba ambayo angempa mtu yeyote mwema atakayemuokota ni yangu, iliyofungwa. Nilimwambia msimamizi mama yangu amepotea. Yule niliyegombana naye miezi miwili alizima mashine mwenyewe, akavuta kiti akakaa karibu nami. Mzee Wino akaleta chai. Hawakuniambia itakuwa sawa, na nawashukuru kwa hilo.

Saa kumi jioni mama mdogo akapiga. "Amepatikana."

Alikuwa kwenye jengo la ile ofisi yake ya zamani. Siku hizi ni duka la samani. Aliingia, akachagua meza moja iliyowekwa kwa maonyesho, akakaa. Kila aliyekuja kununua kitanda alimuuliza, "Nikuunganishe na nani?" Wauzaji walimwomba namba ya mtu wa nyumbani, akawapa yangu. Walipiga kutwa nzima, wanasema.

"Nani aliyempata?" nikauliza.

"Kaka yako."

"Kaka amejuaje?"

"Nilimpigia, mwanangu. Yeye ndiye aliyesema tukatazame kwenye ofisi ya zamani, maana kila mara mama yako humsimulia habari za pale."

"Humsimulia lini?"

"Huja kila Jumapili. Mwaka wa tatu huu. Anamkata kucha, anamsomea gazeti. Mama yako humwita Bwana wa Jumapili. Sikukwambia kwa sababu hukutaka kuambiwa."

Nimekaa kitandani na viatu vyenye maji. Miaka mitatu, kila Jumapili, kwa mtu asiyemtambua. Na mimi niliyekuwa nimempiga marufuku, nilikuwa najihesabia "nipo, mama" ya nusu dakika kwamba ndiyo uchungu wa mwana kwa mzazi. Kaka alisema mama anaumwa. Mama alikuwa anaumwa. Nilimfukuza kwa sababu alisema kweli kabla yangu. Naona aibu, na nimeandika ili kesho nisijifanye sikuiona.

Mei 6, Jumanne

Nimempigia kaka kwa laini ya hapa, mara tatu. Hapokei. Nikatuma ujumbe: "Kaka, ni mimi mdogo wako. Nahitaji msaada wako."

Akajibu: "Matapeli mnaamka mapema. Hela nikutumie kwa namba hii au nyingine?"

Nikaandika: "Si tapeli. Laini yangu imefungwa."

"Wote mnasema hivyo."

"Kaka, haki ya Mungu ni mimi."

Baada ya nusu saa: "Kama ni wewe, sema. Nani alivunja redio ya baba?"

Nilikuwa na miaka minane. Nilipanda kiti kutafuta watu wadogo wanaoongea ndani yake, ikaanguka. Baba alipouliza nilinyamaza, na kaka ndiye aliyechapwa. Hajawahi kunitaja, na mimi sijawahi kukiri mbele ya mtu yeyote hadi nimeota mvi.

Nikaandika: "Mimi. Ukachapwa wewe."

Simu ikaita papo hapo.

"Mbishi," akasema. Hilo ndilo jina aliloniita tangu utoto. Sauti yake imezeeka kidogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Imekuchukua miaka thelathini na tano."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yote yakapotea. Nikamweleza habari ya laini, siku thelathini, na jina lake kwenye karatasi. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Najua namba ikifa inakuwaje. Kesho naomba ruhusa kazini."

Mei 7, Jumatano

Kaka kapanga foleni kwenye duka la kampuni ya simu kwa saa tano nzima. Alipofika dirishani, sistimu iko chini.

Mei 8, Alhamisi

Sistimu iko chini.

Mei 9, Ijumaa

Sistimu iko juu, ila mhudumu wa kitengo hicho yuko kwenye semina. Kaka ameniandikia: "Leo nimejua majina ya watoto wote wa mlinzi." Namwonea huruma, kisha nacheka, kisha nakumbuka zimebaki siku kumi na tisa na kicheko kinaisha. Mama mdogo amefunga mlango kwa kufuli. Mama anazunguka ndani kuanzia saa mbili, amevaa sketi ya kijivu.

Mei 10, Jumamosi

Imewezekana! Naandika alivyonisimulia.

Mhudumu aliangalia kitambulisho, akasema anahitaji uthibitisho kwamba laini ni yake kweli. Ataje namba tatu zinazopigwa sana kutoka laini hiyo. Kaka akataja ya mama. Ipo. Akataja ya mama mdogo. Ipo. Ya tatu?

"Nikakwama," akasema. "Marafiki zako siwajui. Kazi yako siijui. Nikasema liwalo na liwe, nikataja yangu."

"Ikawaje?"

"Yule dada akatazama kioo chake, akanitazama mimi. Akasema, 'Ipo, nayo ina jina lako. Kila Ijumaa, miaka minne.' Kisha akaniuliza kwa adabu sana, 'Baba, huwa unajipigia mwenyewe?'"

Tulicheka wote wawili mpaka akaanza kukohoa. Kilipoisha kicheko nikamuuliza, maana nilikuwa nimebeba swali hilo muda mrefu. "Kaka, nilikuwa nakubipu. Mbona hukupiga? Aliyebipiwa ndiye anayepiga."

"Anayebipu ni asiye na salio, Mbishi. Wewe salio ulikuwa nalo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila Ijumaa nilikaa na simu mkononi. Nikajisemea, siku atakayoiacha iite, nitapokea. Mlio mmoja, unakata. Mlio mmoja, unakata. Nikajua bado hujawa tayari."

Mara mia mbili hivi nilimgongea mtu mlango na kukimbia, halafu nikamlaumu kwa kutofungua.

Kuhusu laini: ipo fomu ya watu wanaokaa nje muda mrefu. Ukiijaza, laini haifungwi. Ilikuwepo siku zote, ndani ya droo, mkono wa kushoto wa yule mhudumu. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza habari ya fomu. Kaka ameijaza. Ningekuwa na nguvu ningekasirika. Wamesema laini itarudi ndani ya saa ishirini na nne.

Mei 11, Jumapili

Saa kumi na mbili: hakuna huduma. Saa moja: hakuna huduma. Saa moja na nusu nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Saa mbili kasorobo jina la mtandao wa nyumbani likatokea pale juu, na zikaanza kumiminika pikipiki na nyota zote za siku kumi na mbili. Sikuzifuta. Nilizisoma moja moja, nikisubiri.

Saa mbili kamili ikaita.

"Habari za asubuhi. Upo?"

"Nipo, mama. Nipo."

Sikusikia "haya". Nikamsikia anapumua, na nyuma yake gazeti likikunjwa.

"Usikate," mama akasema. Ilikuwa sauti ya kazini, lakini si ile kali. Ni ile aliyokuwa akiitumia kwa simu za mbali. "Kuna bwana hapa. Mtu mzuri. Nafikiri amekuwa akikutafuta siku nyingi, hapati laini. Subiri, nakuunganisha."

Nikasikia simu inapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Mbishi," kaka akasema.

Wala yeye hakuweza kuendelea. Tulikaa hivyo, yeye kule, mimi juu ya ndoo, mpaka nikamsikia mama kwa mbali akiuliza, "Mmepatana?"

"Tumepatana, mama," kaka akamjibu.

"Haya," mama akasema.

Mei 16, Ijumaa

Mvua imekata. Jioni nimempigia kaka. Iliita mara nne. Sikukata.